Kisomali kinavyogawa maneno kuwa ya kiume na ya kike, na kwa nini Hassan huandikwa Xasan

Jina la Rais wa Somalia aliyechaguliwa mwaka 2022 likipita kwenye habari, msomaji wa Kiswahili hukutana na mtu mmoja mwenye majina mawili. Magazeti yetu yanaandika Hassan Sheikh Mohamud. Vyombo vya Kisomali vinaandika Xasan Sheekh Maxamuud. Eastleigh jijini Nairobi, mtaa ambao Wasomali wenyewe huuita Islii, bango la duka linasema *caano geel*, na mpita njia anabaki kujiuliza kama atamke "kaano", "chaano" au "saano". Neno hilo ni maziwa ya ngamia, na c yake haifanani na yoyote kati ya hizo tatu.

Mitandaoni maswali ya namna hii hupata majibu ya haraka. Wapo wanaosema Wasomali wamekosea herufi. Wapo wanaosema Kisomali ni Kiarabu kilichopindishwa. Wengine wanashangaa lugha gani hii ambayo kiti ni mwanamume na bahari ni mwanamke. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu Wasomali wapatao milioni 2.8 nchini humo, na Wasomali wamo pia katika biashara na misikiti ya miji mingi ya Afrika Mashariki. Ni jirani ambaye lugha yake tunaisikia kila siku bila kujua inavyofanya kazi, nami naona mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko watu wengi ya kuielewa, kwa sababu kitu kinachoonekana kigeni ndani yake tunacho sisi wenyewe, kwa jina jingine.

Jinsia ya kisarufi ni nini hasa

Jinsia ya kisarufi ni utaratibu wa lugha kuzigawa nomino zake katika makundi, kisha kuyalazimisha maneno mengine katika sentensi yafuate kundi la nomino. Hakuna zaidi ya hapo. Ni kitu kilekile tunachokiita ngeli. Kiswahili kina ngeli nyingi na hakuna hata moja inayouliza habari ya ume au uke. Mama ni "amekuja" na baba ni "amekuja". Kisomali kina makundi mawili tu, na wanasarufi wake huyaita *lab*, yaani dume, na *dheddig*, yaani jike.

Majina hayo ya makundi ndiyo yanayopotosha watu. Yachukue kama mabweni ya shule. Mwanafunzi aliyepangiwa bweni la Simba haoti manyoya. Anavaa fulana ya bweni lake siku ya michezo, basi. Vivyo hivyo *kursi* (kiti), *guri* (nyumba) na *dayax* (mwezi wa angani) vimepangwa upande wa lab, ilhali *bad* (bahari), *magaalo* (mji), *gacan* (mkono) na *qorrax* (jua) viko upande wa dheddig. Watu hufuata maumbile yao: *nin*, mwanamume, ni lab; *naag*, mwanamke, ni dheddig. Hata wanyama wa kufugwa ambao jinsi yao ina maana kwa mfugaji hufanya hivyo. Vitu vingine vyote vimepangwa na historia ya lugha yenyewe, na mtoto wa Kisomali huvimeza pamoja na maziwa kama wewe ulivyomeza kwamba yai ni "hili" na ukuta ni "huu".

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hapa hatuzungumzii wanaume na wanawake ni namba. Katika Kisomali namba ni nomino, na kila moja ina jinsia. Mbili hadi nane ni za kike: *labada, saddexda, afarta, shanta, lixda, toddobada, siddeedda*. Ukifika tisa mambo yanageuka: *sagaalka, tobanka*, za kiume. Hakuna Msomali anayeamini kwamba tano ina uke ambao kumi haina.

K na T

Katika mifano hiyo ya namba umeona jambo muhimu kuliko yote: mwisho wa neno. Kiswahili hubandika alama ya ngeli mbele, Kisomali huibandika nyuma. *Nin* ni mwanamume yeyote. *Ninka* ni yule mwanamume tunayemjua. *Naag* ni mwanamke yeyote. *Naagta* ni yule tunayemjua. K ni ya kiume, T ni ya kike, na herufi hizo mbili zinatambaa katika sarufi nzima. Mwanamume huyu ni *ninkan*, mwanamke huyu ni *naagtan*. Mwanamume yupi ni *ninkee*, mwanamke yupi ni *naagtee*. Sasa weka kando yake mfano wetu: kiti hiki, kiti kile, kiti changu, kiti kipi. Ki- yetu inafanya kazi ileile ya K yao.

Ugumu unakuja pale K na T zinapojificha. Sauti zikigusana hubadilishana tabia, na Kisomali kina kanuni zake. Baada ya g au i, K hulegea ikawa g: *buug* (kitabu) huwa *buugga*, *guri* huwa *guriga*. Baada ya sauti za kooni humezwa kabisa: *dayax* huwa *dayaxa*, *libaax* (simba) huwa *libaaxa*. Baada ya e huwa h: *aabbe* (baba) huwa *aabbaha*. T nayo hulegea ikawa d baada ya irabu, ndiyo maana *magaalo* ni *magaalada*. Na ikikutana na l, zote mbili hupotea na kuzaliwa sh. *Meel* (mahali) huwa *meesha*, *bil* (mwezi wa kalenda) huwa *bisha*, *hal* (ngamia jike) huwa *hasha*. Anayeona *hasha* kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba ndani yake kuna T. Lakini ni nani kati yetu husimama kuwaza kwamba "changu" ni ki-angu, au kwamba "ndimi" ni wingi wa "ulimi" ambao l yake imegeuka d? Tunatamka tu.

Kuna neno moja ambalo Wakenya wengi wanalijua nusu: *walaal*, ndugu. Lenyewe halisemi kama ni wa kiume au wa kike. Likichukua umilikaji ndipo linapojitambulisha: *walaalkay* ni kaka yangu au mdogo wangu wa kiume, *walaashay* ni dada yangu. L na T zimekutana tena, sh imezaliwa, na kwa sh hiyo peke yake msikilizaji anajua unamzungumzia nani.

Kitenzi nacho hufuata. Mvulana alikuja: *inanku wuu yimid*. Msichana alikuja: *inantu way timid*. Tazama y na t mwanzoni mwa kitenzi. Aliyesoma Kiarabu atazikumbuka mara moja, kwa sababu Kiarabu nacho husema *yaktubu* kwa mwanamume na *taktubu* kwa mwanamke. Vitenzi vingi zaidi vya Kisomali huweka tofauti hiyo mwishoni: *keenay*, alileta (yeye mwanamume), *keentay*, alileta (yeye mwanamke). Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kisomali hukwama mara nyingi, kwa kuwa "alileta" yetu haikumzoesha kuchagua. Na Msomali anayejifunza Kiswahili huona ajabu kwa upande wake: hadithi nzima inaweza kusimuliwa na asijue kama mhusika ni Bwana au Bibi.

Jinsia imo hata katika kuitana. Nairobi watu wengi wamezoea kumwita Msomali yeyote "warya". *Waryaa* ni mwito wa mwanamume tu. Wa mwanamke ni *naa* au *naayaa*, na yote ni miito ya waliozoeana au ya mkubwa kwa mdogo. Kumwita hivyo mtu mzima usiyemjua ni utovu wa adabu, na kumwita mama mtu mzima "warya" ni makosa mawili kwa pamoja. Mwanamume wa umri wa baba yako mwite *adeer*, baba mdogo au mkubwa. Mama wa rika hilo mwite *eeddo*, shangazi. Ukishindwa kukisia umri, *walaal* inatosha kwa wote.

Akina baba wa kike, akina mama wa kiume

Tunafika kwenye jambo ambalo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mama katika Kisomali ni *hooyo*, na akijulikana ni *hooyada*, T iliyolegea, ya kike, kama unavyotarajia. Baba ni *aabbe*, *aabbaha*, ya kiume. Sasa waweke katika wingi. Akina mama ni *hooyooyinka*. Akina baba ni *aabbayaasha*. Umeona? Akina mama wamechukua K ya kiume, na akina baba wamechukua sh, ile T iliyokutana na l ya *aabbayaal*.

Si mama na baba tu. Mji, *magaalada*, ni wa kike. Miji, *magaalooyinka*, ni ya kiume. Mwalimu, *macallinka*, ni wa kiume. Walimu, *macallimiinta*, ni wa kike. Mjerumani Carl Meinhof, mtaalamu yuleyule aliyechambua pia lugha za Kibantu, aliliita jambo hili upinzani wa ncha mbili mwaka 1912: kana kwamba lugha ina nguzo mbili, na neno likihama kutoka umoja kwenda wingi, linaruka kutoka nguzo moja hadi nyingine. Meinhof aliyachanganya mambo ya lugha na nadharia za rangi za wakati wake, ambazo hazina msingi. Alichokiona katika maneno yenyewe, hata hivyo, kipo.

Waliomfuata wamekuja na maelezo rahisi zaidi, na mimi nayaona ndiyo yenye nguvu. Neno halirukiruki. Jinsia ya wingi inaletwa na kiambishi cha wingi. Kiambishi *-yaal* ni cha kike popote kinapokwenda, kiwe kimebandikwa kwa baba au kwa fisi (*waraabe*, wengi wao *waraabayaasha*). Kiambishi *-oyin* ni cha kiume popote kinapokwenda. Ndiyo maana maneno ambayo hutengeneza wingi kwa njia nyingine, kwa kurudia konsonanti ya mwisho, hayabadiliki: *nin* huwa *niman*, na wakijulikana ni *nimanka*, K yao iko palepale. *Buug* huwa *buugag*, *buugagga*. Kama ingekuwa sheria ya ncha mbili kweli, wanaume wengi wangegeuka pia.

Kwa Mswahili hili halipaswi kuwa kitendawili. Ukuta ni "huu", kuta ni "hizi", na "hizi" hiyo ndiyo ya nyumba na ya meza. Hakuna anayesema kwamba ukuta ukiongezeka unageuka nyumba. Umoja una ngeli yake, wingi una ngeli yake, na mara kadhaa ngeli mbili tofauti za umoja hukutana kwenye wingi mmoja. Kisomali kina makundi mawili tu ya kuchezea, kwa hiyo neno likihama linaonekana limevuka mpaka wa jinsia, kumbe limepata tu kiambishi kipya chenye kabila lake.

Yeyote anayedhani kwamba K ni alama ya heshima ya wanaume asome mabango ya mashirika ya wanawake. Mwanamke mmoja ni *haweeney*, *haweeneyda*, wa kike. Wanawake kwa jumla ni *haweenka* au *dumarka*. K zote mbili.

Inan mvulana, inan msichana

Mpaka hapa tumesoma. Sasa inabidi tusikilize, kwa maana kuna sehemu ya jinsia ya Kisomali ambayo haimo katika maandishi hata kidogo.

Andika *inan*. Ni mvulana au msichana? Ukiliona peke yake karatasini huwezi kujua. Ukilisikia unajua papo hapo. Mvulana ni *ínan*, sauti ikipanda kwenye i. Msichana ni *inán*, sauti ikipanda kwenye a. Vivyo hivyo mjinga wa kiume ni *nácas* na wa kike ni *nacás*. Herufi zilezile, idadi ileile ya silabi. Kilichohama ni mahali sauti inapopanda. Neno *madax*, kichwa, likipandishwa mwishoni huwa wingi, na wingi huo hutumika pia kwa wakuu wa nchi: *madaxa* ni kichwa, *madaxda* ni viongozi.

Kiswahili si lugha ya toni, ila kina jozi moja inayoweza kukuonjesha ladha yake. Sema "barabára", njia ya magari. Kisha sema "barábara", sawasawa kabisa. Sisi tuna jozi kama hiyo kwa nadra, wao wameifanya kuwa mhimili. Na kuna utaratibu ndani yake: nomino nyingi za kiume hupandisha sauti kwenye kipande cha pili kutoka mwisho, nomino nyingi za kike hupandisha kwenye kipande cha mwisho. Ninasema kipande kwa sababu irabu ndefu huhesabiwa mara mbili, na sauti inaweza kupanda kwenye nusu ya kwanza ya *aa* au nusu ya pili. Msomali halihesabu hilo akilini. Analisikia, kama wewe unavyosikia kwamba mtu aliyesema "kitu yangu" si mzaliwa wa lugha.

Mwingereza Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki aliyekichunguza pia Kikikuyu, ndiye aliyechapisha mwaka 1934 uchambuzi wa kwanza wa kina wa sauti hizi za kupanda na kushuka. Tangu hapo mjadala umekuwa kama tuiite toni, kama ilivyo katika lugha nyingi za Afrika, au mkazo. Kwa mwanafunzi tofauti hiyo haina uzito. Kinachomhusu ni kwamba asikariri nomino bila sauti yake, na kwamba akipata wasiwasi asubiri: mwenzake akisema *inanka* au *inanta*, K au T itamfungulia. Toni hata hushuka neno likiwa mtenda wa sentensi, na hapo kitenzi ndicho kinachobeba habari, *yimid* au *timid*.

Kwa nini basi Wasomali hawakuiandika toni hii? Kwa sababu msomaji mzawa hana haja nayo, na lugha hii iliishi muda mrefu mdomoni na masikioni. Mwaka 1957 BBC ilianzisha idhaa ya Kiswahili, na wiki chache baadaye idhaa ya Kisomali. Kisomali kikasikika BBC miaka 15 kabla ya serikali ya Somalia kuamua kiandikwe kwa herufi gani.

X, C na wenzake

Uamuzi huo ulitangazwa tarehe 21 Oktoba 1972, chini ya Maxamed Siyaad Barre, mtawala wa Somalia wakati huo, baada ya mabishano marefu kati ya waliotaka herufi za Kiarabu, waliotaka mwandiko wa Kisomali uliobuniwa na Cismaan Yuusuf Keenadiid (sisi tungeandika Osman Yusuf) miaka ya 1920, na waliotaka herufi za Kilatini. Kilatini kikashinda kwa mpangilio ambao mwanaisimu Shire Jaamac Axmed anahesabiwa kuwa mtunzi wake mkuu. Mwaka 1974 shule zilifungwa na maelfu ya wanafunzi na walimu wakapelekwa vijijini na kwenye malisho ya wafugaji kufundisha watu kusoma.

Waliotengeneza mwandiko ule walitaka herufi zinazopatikana kwenye taipureta ya kawaida, bila nukta juu wala mkia chini. Walikuwa na sauti ambazo Kilatini haina, na mkononi walikuwa na herufi ambazo Kisomali hakina kazi nazo. Wakaziunganisha. X ikapewa ile h nzito ya kooni. C ikapewa ile sauti ambayo koo linabana kabla ya irabu, ayni ya Kiarabu. Ukitaka kuzisikia zote mbili, sikiliza "Alhamdulillahi Rabbil alamina" ikisomwa na msomaji mzuri: h ya "alhamdu" ndiyo x, na mwanzo wa "alamina" ndiyo c. Hakuna kosa lolote hapo. Kila konsonanti ilipewa alama yake.

Makosa, kama tunataka kuyatafuta, yako upande wetu. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilitenganisha h mbili. Kilipohamia Kilatini zikachanganywa kuwa h moja, na ayni ikadondoka. Kwa hiyo Xasan kwetu ni Hassan, Cali ni Ali, Cabdi ni Abdi, Xaliimo ni Halima. Vitambulisho vya Kenya na hati za kusafiria hubaki na tahajia ya kikoloni, na ndiyo sababu mtu mmoja ana majina mawili. Kanuni ya kujisaidia ni nyepesi: x isome h, c irukie irabu inayoifuata, q isome k. Kwa kanuni hiyo *xisaab* inakuwa hesabu, *cilmi* inakuwa elimu, *qalin* inakuwa kalamu na *xaq* inakuwa haki. *Qaxwo*, kahawa, ina q na x ndani ya neno moja.

Jihadhari na *dh*. Si dh ya dhahabu. Ulimi hukunjwa nyuma ukagusa kaakaa, ikatoka d nzito, na ikiwa katikati ya irabu huelekea r. Kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwa Kisomali ni Dhadhaab. Mswahili akiisoma Dhadhaab kwa dh yake anakuwa mbali zaidi na matamshi ya wenyeji kuliko anayesoma Dadaab.

Irabu zikiandikwa mara mbili zivute, kwa maana hilo hubadili maana kama "kufa" na "kufaa". *Dad* ni watu, *daad* ni mafuriko. *Bad* ni bahari, *baad* ni malisho. Konsonanti zikirudiwa zikaze: *waran* ni mkuki, *warran* ni toa habari, nayo ndiyo iliyomo katika salamu ya *iska warran*. Sauti za p, v na z hazimo, ndiyo maana pasipoti ni *baasaboor* na Tanzania ni *Tansaaniya*.

Wasomali wana sababu nyingine ya kuzitunza sauti hizi. Shairi letu lina vina mwishoni mwa kipande. Shairi lao lina *xarafraac*, yaani konsonanti moja ya mwanzo inayorudi mstari baada ya mstari hadi mwisho. Mshairi aliyeanza kwa x hawezi kuokoa mstari kwa h. Kwa masikio yao hizo ni sauti mbili zisizojuana.

Si Kiarabu

Maneno ya Kiarabu yamo katika Kisomali kama yalivyo katika Kiswahili, na kwa njia zilezile za dini na biashara. Asili ya lugha haipimwi kwa maneno ya kuazima. Hesabu kwa Kisomali: *kow, laba, saddex, afar, shan*. Sasa hesabu kwa Kioromo: *tokko, lama, sadii, afur, shan*. Hao ndio ndugu wa karibu, lugha za Kikushi, pamoja na Kirendille cha kaskazini mwa Kenya na Kiafar. Kiarabu ni binamu wa mbali katika ukoo mkubwa wa Kiafrika-Kiasia, na ile t ya kike tuliyoiona katika *timid* na *taktubu* ni urithi wa ukoo huo. Hakuna aliyemwazima mwenzake.

Na wala Kisomali si kimoja. Nilichoeleza ni Kisomali sanifu, ambacho chimbuko lake ni lahaja za kaskazini. Kati ya mito ya Juba na Shabelle watu wa koo za Digil na Mirifle huzungumza Maay, ambayo imetofautiana nacho kiasi kwamba wasiozoeana hawaelewani, nayo haina zile sauti mbili za x na c zinazowatisha wageni. Kusini zaidi pwani, katika mji wa kale wa Barawa, kuna Chimwini, ndugu wa Kiswahili. Chi- ya jina lake ndiyo ki- yetu. Waliokulia nyumba za Barawa wamezoea kupanga vitu kwa ngeli za Kibantu wakiwa na jamaa zao, na kwa K na T wakienda sokoni.